Miaka sita bila mkwaruzo

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni dereva wa kirikuu, nasambaza bidhaa za jumla kutoka Kariakoo kwenda maduka ya Temeke, Mbagala na Kigamboni. Mwaka huu natimiza miaka sita sijapata ajali, hata mkwaruzo. Rafiki yangu aliyeniingiza kwenye kazi hii, ambaye kwa kweli ananizidi kuendesha, mwezi uliopita aligongana na lori pale mataa ya Buguruni. Yuko nyumbani na chuma mguuni. Vijana wa kijiweni wanasema ajali haina kinga, mimi nina bahati tu na zamu yangu inakuja. Mke wangu anasema ni dua zake. Tajiri naye anataka kuanza kutoa bonasi ya laki mbili kwa kila dereva atakayemaliza mwaka bila ajali. Naomba uniambie ukweli: ni bahati au ni ujuzi? Na hiyo bonasi ni ya haki? (Dereva, Tandika)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mfikishie mwenzako pole zangu, na mama watoto mwambie aendelee na dua, sina neno nalo hilo.

Nianze na jibu lenyewe usije ukalitafuta hadi chini. Miaka sita bila ajali haithibitishi kwamba wewe ni dereva mzuri, na chuma alichowekwa mwenzako mguuni hakithibitishi kwamba yeye ni mbaya. Bahati ipo, tena ina nguvu kuliko sisi walimu wa udereva tunavyopenda kukiri mbele ya wanafunzi. Ila kiasi cha bahati unachohitaji ili ufike nyumbani jioni unakipanga mwenyewe, na ujuzi wa dereva uko hapo. Kuna dereva anayehitaji bahati mara mbili kwa wiki, na kuna anayeihitaji mara kumi na tano kwa siku. Wote wawili wanaweza kukaa miaka sita bila mkwaruzo, wakaja kwangu na rekodi zinazofanana.

Tufanye hesabu ndogo. Namba hizi ni za mfano tu, nimezitunga ili uone jambo linavyokwenda. Chukua madereva 100 wasio makini, ambao kila mwaka mmoja kati ya watano hupata ajali. Mwaka wa kwanza ukiisha wamebaki 80 ambao hawajaguswa. Wa pili wanabaki 64, wa tatu 51, na ukiendelea hivyo, mwaka wa sita ukiisha wamebaki 26. Hao ni watu 26 wazembe wenye rekodi safi kama yako, na kila mmoja anaamini mikono yake ina baraka. Sasa chukua wengine 100 walio makini maradufu, ambao kwa mwaka ni mmoja tu kati ya kumi anayepata ajali. Miaka sita ikipita, 53 wako salama na 47 imewakuta. Karibu nusu ya madereva wazuri, tena wazuri mara mbili ya wale wa kwanza, wana ajali ya kusimulia.

Rafiki yako anaweza kuwa kati ya wale 47. Na wewe, niwie radhi kwa kusema hivi, unaweza kuwa kati ya wale 26. Kwa kutazama rekodi peke yake hatuwezi kujua.

Jambo hili lilihesabiwa zamani, kabla magari hayajajaa barabarani. Mwaka 1898 mwanatakwimu Ladislaus Bortkiewicz alichapisha hesabu za askari wa Prussia, yaani Ujerumani ya zamani, waliokufa kwa kupigwa mateke na farasi. Alichukua vikosi 10 kwa miaka 20, akapata rekodi 200, kila moja ya kikosi kimoja kwa mwaka mmoja. Rekodi 109 hazikuwa na kifo hata kimoja, 65 zilikuwa na kifo kimoja, 22 viwili, 3 vitatu, na moja ilikuwa na vifo vinne. Hebu jiweke kwenye kikosi kile cha vifo vinne. Ungesema banda limerogwa, au kamanda ana mkosi. Bortkiewicz alionyesha kwamba mtawanyiko ule ni ule ule ungeupata kama kila kikosi kingekuwa na hatari sawa na kingine na bahati ikaachwa ifanye kazi yake. Kwa hiyo kijiweni kwenu mkipata ajali tatu ndani ya mwezi mmoja, msikimbilie kusema kuna mkono wa mtu. Bahati huja kwa mafungu namna hiyo. Na mkikaa miezi minane kimya, hakuna zamu ya mtu inayokaribia. Farasi hakuwa na daftari la kujua kikosi gani hakijapata teke siku nyingi, na lori la mchanga halijui kwamba wewe una miaka sita.

Lakini wale wanaosema ni bahati tupu nao wamekosea. Mwaka 1919, Uingereza, Greenwood na Woods walichambua ajali za wanawake waliofanya kazi kwenye viwanda vya silaha na risasi. Wakakuta ajali hazikugawanyika kama bahati peke yake ingezigawa: kulikuwa na wachache zilizowarudia kupita kiasi. Watu wamebishana tangu hapo kama ni tabia ya mtu au ni mashine aliyopewa, ila kwamba hatari hailingani kwa kila mtu, hilo limesimama.

Sasa niguse neno lako moja. Umesema mwenzako "ananizidi kuendesha". Nakuamini. Najua watu wa aina hiyo, anarudi nyuma Mtaa wa Narung'ombe saa nne asubuhi katikati ya mikokoteni kwa mkono mmoja, hagusi hata ndoo ya mama lishe. Huo ni ujuzi wa mikono na nauheshimu. Tatizo ni kwamba ujuzi wa mikono hauzuii ajali nyingi kama tunavyodhani, na wakati mwingine unazileta. Norway walianza mwaka 1979 kuwapa madereva wapya kozi ya lazima ya kuendesha kwenye utelezi. Matokeo yalipopimwa, ajali za utelezi kwa vijana wa kiume zilikuwa zimeongezeka. Walijifunza kulirudisha gari linapoteleza, wakaacha kuogopa kuteleza. Na mwaka 1981 Ola Svenson aliwauliza madereva wa Marekani na Sweden wajipange wenyewe kwa ujuzi. Kati ya Wamarekani, 93 katika kila 100 walijiweka kwenye nusu ya juu. Haiwezekani, nusu ni 50. Mimi nimeuliza swali hilo hilo darasani kwangu kila nikianza na kundi jipya, na sijawahi kuona mkono ukinyooshwa kwa nusu ya chini.

Nami nilikuwa kwenye hao 93. Kabla ya kufundisha niliendesha gari la mikate, miaka saba bila ajali, zaidi yako. Alfajiri moja, saa kumi na moja kasoro, nilikuwa nimeshashusha Kongowe narudi mjini kwa Barabara ya Kilwa, gari tupu, barabara nyeupe, naenda 70. Taa yangu ya kushoto ilikuwa imefifia wiki mbili nzima. Nilishamwambia bosi, akasema tutaitazama Jumapili, nami nikaridhika. Kilichonitokea mbele nilikiona kama ukuta mweusi unaotembea: baiskeli yenye magunia matatu ya mkaa, haina taa, haina riflekta, mwenye baiskeli hata haonekani kwa mzigo. Nilikata kulia. Kona ya kushoto ya gari ikapiga gunia la nyuma.

Niliposhuka nilikuwa nakanyaga mkaa, unalia chini ya viatu kama makombe ya pwani. Yule baba alikuwa mtaroni, amekaa, ameshika bega. Mtulinga ulikuwa umevunjika. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Baiskeli imepona?" Magunia ndiyo yaliyompokelea pigo. Kama angebeba madumu ya mafuta ya kupikia badala ya mkaa nisingekuwa naandika haya kwa utulivu.

Wakubwa wote walisema hana taa, kosa lake. Wenzangu wakasema ajali haina kinga. Nikaishi na maneno hayo karibu miaka miwili, hadi nilipoanza kufundisha na kulazimika kuwaandikia wanafunzi ubaoni hesabu ya kusimama. Kwa mwendo wa 70 gari linakula mita 19 kila sekunde. Kushtuka, kuelewa, kuhamisha mguu kwenda kwenye breki, mtu aliyeamka saa saba usiku umpe sekunde moja na nusu: mita 29. Breki zenyewe kwenye lami kavu, mita nyingine 29 hivi. Jumla 58. Taa za chini zikiwa nzima kabisa, kitu cheusi kisicho na riflekta unakiona ukiwa mita 40, ukibahatika 50. Yangu ya kushoto, upande ambao baiskeli hupita, nadhani haikufika 25. Niliandika namba hizo ubaoni nikanyamaza, wanafunzi wakadhani naumwa.

Kwa wiki mbili, kila alfajiri, nilikuwa naendesha kuingia kwenye giza ambalo nisingeweza kusimama ndani yake. Kila siku ambayo hapakuwa na mtu mbele ilikuwa bahati. Siku ya baiskeli bahati haikuja, basi. Ningekuwa naenda 50, mita za kusimama zingeshuka hadi 36, na ningekuwa na taa nzima, yule baba angefika na mkaa wake Mtoni. Mikono yangu ilifanya kazi nzuri usiku ule, kuukata usukani vile nikiwa kwenye mwendo ule si mchezo. Ilikuwa inasafisha uchafu niliouleta mwenyewe.

Ndiyo maana nakuomba uache kuhesabu ajali. Ajali ni chache mno, hazikufundishi kitu. Hesabu mara ulizonusurika. Nunua kidaftari, kiweke kwenye dashibodi, na kwa wiki mbili kila ukisimama kushusha mzigo andika mstari mmoja kwa kila breki ya ghafla uliyopiga tangu kituo kilichopita, kila mara mwingine alipokwepa au kukupigia honi ndipo mkapishana, kila mara moyo ulipokupasuka ukasema "Mungu wangu". Usiandike kosa la nani. Andika mahali na saa tu. Hiyo ndiyo idadi ya mara ulizoihitaji bahati, na hiyo ndiyo rekodi yako ya kweli. Kijana aliyeniletea kidaftari chenye mistari 40 kwa wiki aliniapia kwamba hajawahi kupata ajali. Ilikuwa kweli.

Ukishapata kidaftari hicho, utaona sehemu zinajirudia. Kwa mzunguko wako natabiri tatu.

Ya kwanza ni daladala iliyosimama. Unaipita kulia, mtu anachomoza mbele yake, mara nyingi mtoto wa shule au mama mwenye mzigo kichwani. Mwili hauonekani, lakini miguu inaonekana. Ukiwa bado mita 30 nyuma, shusha macho chini ya daladala, kati ya tairi la mbele na lami. Ukiona viatu vinatembea kuelekea kulia, huyo anavuka. Nimefundisha mambo mengi ila hili moja ndilo wanafunzi wa zamani hunipigia simu kunishukuru. Usipoona miguu bado punguza, kwa sababu mtoto anaweza kuwa nyuma ya tairi. Na ukumbuke kirikuu haina pua: injini iko chini ya kiti, magoti yako ndiyo bampa ya pili. Kumlinda yule mtoto ni kuilinda na miguu yako.

Ya pili ni kukata kulia. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo kukata kulia ni kukatisha mbele ya wanaokuja. Kampuni ya vifurushi ya UPS ya Marekani, ambako wanaendesha kulia, hupanga njia za madereva wake ili wakate kushoto mara chache iwezekanavyo, hata ikibidi wazunguke. Kwao kushoto ndiko kwetu kulia. Hesabu zao zilikuwa za mafuta na muda wa kusubiri pamoja na usalama, na wakaona kuzunguka kunalipa. Wewe unapanga mwenyewe nani anashushiwa kwanza. Panga upande mmoja wa Barabara ya Kilwa ukienda, upande wa pili ukirudi, badala ya kuruka huku na huku kwa sababu mwenye duka fulani amepiga simu mara tatu. Ukiwa Barabara ya Morogoro ndiyo zaidi. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze mwaka 2016, na njia zake katikati ya barabara, ukikata kulia unakatisha njia za magari ya kawaida na za mabasi, na basi la mwendokasi huja kasi likiwa na njia nyeupe wakati wewe umezoea kuangalia foleni iliyolala. Tazama mataa, tazama wanaokuja, kisha tazama njia ya kati pande zote mbili. Usimfuate aliye mbele yako kwa kudhani ameshakuangalizia.

Ya tatu ni mzigo. Vigari hivi vilitengenezwa Japani kubeba kilo 350. Hiyo ni mifuko 7 ya saruji. Wewe na mimi tunajua Kariakoo inapakiwa mingapi, na juu yake sabuni, na juu ya sabuni utingo. Gari lililozidishiwa linakawia kusimama, linayumba ukikwepa shimo, na mbele linakuwa jepesi ukipandisha, usukani unaelea. Madereva wengi wanaoniambia "breki zilikataa" breki zao hazikukataa. Ziliombwa zisimamishe gari mbili. Kama tajiri hakubali ushushe mzigo, basi ushushe mwendo, na umwambie kwamba ndivyo unavyofanya na kwa nini.

Kuhusu umbali na gari la mbele utaniambia, kama wanavyoniambia wote, kwamba Dar ukiacha nafasi mtu anachomekea. Ni kweli, atachomekea. Mwache aingie, rudi nyuma tena. Chagua nguzo, gari la mbele likiipita sema polepole "elfu moja na moja, elfu moja na mbili". Ukiifikia nguzo kabla hujamaliza, umemkaribia mno. Kila anayechomekea anakugharimu kama sekunde mbili. Wakichomekea 20 kutoka Kariakoo hadi Mbagala umepoteza sekunde 40, ambazo utazipoteza hata hivyo ukisubiri mwenye duka atafute chenji. Mvua za kwanza za vuli, ongeza hadi sekunde nne, maana lami imelala miezi na mafuta na vumbi, na manyunyu yale ya mwanzo yanageuza vyote kuwa sabuni.

Na ukirudi nyuma mtaani, shuka uangalie. Sina maelezo mengi hapo. Utingo akiwepo asimame mahali unapomwona kwenye kioo, ukimpoteza kwenye kioo simama.

Simu mpe utingo. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu yuko karibu mara nne zaidi kwenye hatari ya ajali, na kutoishika mkononi hakukuokoi sana, kwa sababu kinachotoka barabarani ni akili. "Umefika wapi?" ni swali ambalo utingo anaweza kulijibu.

Nimekueleza ya kwako, sasa nije kwenye ya tajiri, kwa sababu si haki kumwachia dereva peke yake. Kiasi cha bahati unachohitaji kinapangwa pia na anayekupa ratiba. Ukiamka saa kumi alfajiri kuwahi mzigo na bado uko usukanini saa tatu usiku, una saa 17 macho. Utafiti wa Dawson na Reid wa Australia, mwaka 1997, ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 anashuka utendaji sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Wewe hujagusa pombe, lakini mguu wako unachelewa kama wa mlevi. Hakuna ujuzi unaoondoa hilo. Dawa yake ni usingizi, na usingizi unatolewa na ratiba.

Hesabu ya siku unayotakiwa kuitimiza nayo inasukuma mguu kwenye mafuta. Piga hivi: kipande cheupe cha kilomita 5, kwa 50 unakimaliza dakika 6. Kwa 70, dakika 4 na sekunde 17. Umeokoa dakika moja na sekunde 43, halafu mnakutana wote kwenye mataa ya mbele. Na 50 ndiyo sheria maeneo ya makazi, kwa hiyo kuna siku dakika hiyo moja utaiacha kwa trafiki pamoja na elfu thelathini. Faini ndiyo hasara ndogo. Kwa 70 gari lako linabeba karibu mara mbili ya nguvu ya kugonga linayobeba kwa 50, kwa sababu nguvu hiyo inakua kwa mraba wa mwendo. Mwoneshe tajiri hesabu hii. Wengi wao ni wafanyabiashara, wanaielewa haraka.

Hiyo bonasi ya laki mbili inatoka moyoni, naamini, na umshukuru. Lakini kwa namna ilivyopangwa si ya haki, na nina wasiwasi italeta madhara. Rudi kwenye madereva wetu wa mfano. Kwa mwaka mmoja, 80 kati ya 100 wazembe wataipokea, na 10 kati ya 100 makini wataikosa. Mwenzako angeikosa hata kama lile lori ndilo lililopita taa nyekundu. Kisha litaanza jambo baya zaidi: watu watajificha. Mtu atamgusa mwenye mkokoteni, atampa elfu ishirini waachane, tajiri hatajua, gari litaendelea kutembea na breki ile ile iliyokaribia kuua. UPS niliowataja wana heshima maalumu kwa madereva waliotimiza miaka 25 bila ajali, lakini wanaweka neno moja muhimu: ajali iliyoweza kuepukika. Lazima mtu akae achunguze kwanza.

Mwambie tajiri laki mbili hiyo aigawe kwa mambo ambayo dereva anayashika mkononi. Tairi hazina kipara na zimepimwa upepo kila Jumatatu. Taa zote zinawaka, na dereva aliyesema taa imefifia ametengenezewa siku hiyo hiyo, si Jumapili. Mzigo umepakiwa kwa kiasi. Kidaftari kimeandikwa kwa ukweli, na hapa awe makini sana: asimlipe mwenye mistari michache, amlipe aliyeandika, la sivyo wote watamletea vidaftari vyeupe. Kila Jumamosi wakae nusu saa wasome mahali palipojirudia. Kama madereva wanne wameandika kona ile ile Temeke, basi kuna kitu kwenye kona ile, nanyi mtajua kabla ya kumpeleka mtu hospitali.

Limebaki neno la vijana wa kijiweni. Sitaki ulidharau. "Ajali haina kinga" lina mahali pake, na mahali pake ni msibani na kwenye kitanda cha mgonjwa. Pale linamwondolea aliyeumia mzigo wa kujilaumu kwa jambo ambalo hawezi kulirudisha. Nimelisema mwenyewe kwa wajane, na nitalisema tena. Linalonikera ni likipandishwa kwenye gari asubuhi, likawa sababu ya kutokutazama tairi.

Kwa hiyo ukienda kumwona mwenzako, mpe kwanza neno hilo, anastahili. Siku nyingine, maumivu yakipungua na akitaka mwenyewe kuzungumza, muulize kuhusu sekunde kumi kabla ya lori, na si kuhusu lori. Taa zilikuwa rangi gani alipoziona mara ya kwanza, alikuwa wa ngapi kwenye foleni, gari lilikuwa limebeba nini, aliamka saa ngapi, nani alikuwa amempigia simu. Msikilize bila kumhukumu, yeye ndiye mwalimu wako na mimi sikuwepo. Na mwambie kwamba chuma kikitolewa na mguu ukikubali kukanyaga klachi, anitafute asubuhi yoyote ya Jumapili wakati barabara ni nyeupe. Nitakaa kiti cha pembeni, bila malipo, tupite Buguruni pamoja mara ya kwanza.